Kumchagulia Baba Neema Boti

Jumapili, jioni. Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua haikunyesha. Ni ile baridi ya Julai ambayo watu waliotoka Kilimanjaro wanaicheka. Maduka mengi ya upande wetu yamefungwa na mtaa umetulia. Kutoka hapa ghorofa ya tatu namsikia hata mtu anayefagia kibaraza cha chini.

Sina huzuni. Naliandika hili mapema kwa sababu mdogo wangu aliyeko Masasi husoma ninayoandika humu mtandaoni, halafu hupiga simu kuuliza kama niko sawa. Niko sawa.

Jana Baba Neema alinunua boti.

Mimi ndiye niliyemchagulia.

Kwa ambaye hajawahi kupita humu: Baba Neema ni mume wangu, kwa maana kwamba kanisa halijasema vinginevyo. Jina lake Gervas. Tulitengana miaka sita iliyopita. Hakuna aliyempiga mwenzake wala aliyeleta mtu ndani. Yeye alikuwa hakai nyumbani, mimi nilikuwa sitoki dukani, na siku moja tukaona kwamba hata tukiliweka wazi hakuna kitakachobadilika. Akahamia Kigamboni. Mimi nikabaki Kariakoo na duka la uzi, zipu na vifungo, pamoja na binti yetu Neema, ambaye sasa ana miaka ishirini na tatu na hunisaidia dukani tangu amalize chuo.

Gervas ni fundi wa injini za boti. Alizaliwa Rombo, mlimani, ambako maji mengi aliyoyaona utotoni yalikuwa ya mfereji wa kumwagilia migomba. Alikuja Dar kutafuta kazi, akaiona bahari, na tangu hapo akili yake haikurudi nchi kavu. Wageni wenye yoti humchukua wanapozipeleka Tanga, Pemba au Mombasa, kwa sababu anajua injini, anajua matanga, na hatapiki. Sasa amezeeka kidogo na anataka ya kwake. Si ya kuvulia wala ya kubebea abiria. Anataka boti ndogo ya matanga, iliyotumika, ambayo mtu anaweza kulala ndani, akapika ndani, akaenda nayo.

Alikuja dukani mwanzoni mwa mwezi, akasimama upande wa wateja kama kawaida yake.

"Mama Neema, nimeziona mbili," alisema. "Nataka unisaidie kuchagua."

Nikamkumbusha kwamba sijui kuogelea, na kwamba chombo pekee cha majini ninachopanda ni pantoni ya Kigamboni, tena nikiwa nimeshika chuma.

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Mimi nikiiona boti naiona safari. Wewe utaiona boti."

Nilimuuliza anataka kwenda wapi. Akasema kaskazini kwanza, maana upepo wa kusi ndio unasukuma huko, halafu ataona. Nikamwambia nitafikiri. Alipoondoka nikamwona Neema anapanga zipu nyeusi kwenye boksi la zipu nyeupe.

Nilikubali. Sababu niliyojipa ni kwamba akizama, mazishi yatanihusu, na Rombo ni mbali.

*

Boti ya kwanza ilikuwa Kigamboni, kwenye karakana ya wazi, imesimamishwa nchi kavu juu ya magogo. Tulienda Jumamosi mchana. Neema akasema naye anakuja, atabeba maji ya kunywa. Gervas alikuwa amemleta fundi Saidi, mtu wa Ilala anayetengeneza boti za faibaglasi, aje azikague zote mbili. Mwenye boti alisharudi kwao Ulaya na kuiacha mikononi mwa dalali. Siku za kawaida dalali huyo anauza simu mtaa wa pili kutoka kwangu. Bongo dalali wa simu anaweza kukuuzia hata kisiwa.

Nilitegemea kitu kidogo. Sikujua kwamba boti ikiwa nchi kavu inaonekana kubwa mara mbili, kwa sababu unaiona na ile sehemu ambayo siku zote iko majini. Ilikuwa nyeupe, na mstari wa bluu ubavuni. Tulipanda kwa ngazi ya mbao. Dalali alinishika mkono na kuniita "mama mwenye mali".

Ndani ilikuwa nzuri, lazima niseme. Ilikuwa na mbao za kahawia zilizong'arishwa, meza ya kukunja, jiko la plate mbili, taa ya ukutani yenye kivuli cha kitambaa. Harufu ndiyo haikunipendeza. Ilinikumbusha nguo zilizofungiwa kwenye begi zikiwa bado mbichi.

Gervas alikuwa anapita akigusa kila kitu. Sikuwa nimemwona hivyo kwa miaka mingi, labda tangu Neema azaliwe. Alifika mbele kabisa, pale boti inapokuwa nyembamba, akafungua mlango mdogo. Ndani kulikuwa na kitanda cha pembe tatu, rafu na kidirisha cha juu.

"Na hiki ndicho chumba cha Neema," akasema.



Alinitazama, kisha akamtazama Neema. "Nilidhani umeshamwambia mama yako," akasema taratibu.

Neema alikuwa anaangalia godoro.

Katika ule ukimya ndipo tulipomsikia fundi Saidi vizuri. Alikuwa juu yetu, anagonga sitaha kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua. Ko, ko, ko. Ilikuwa sauti kavu, ya kitu kigumu. Halafu alipokaribia mlingoti ikabadilika. Bu. Bu. Akarudia sehemu hiyo hiyo mara kadhaa, akagonga kando yake, akarudi tena. Bu.

Nilipanda juu kumsikiliza. Kusema kweli nilipanda ili nisibaki chini.

Fundi Saidi si mtu wa maneno mengi. Alieleza kwamba kati ya faibaglasi ya juu na ya chini kuna mbao, na mbao hizo zimekunywa maji. Kisha akashuka, akapiga magoti chini ya boti na kutuonyesha ule uzito wa chuma unaoizuia isipinduke. Pale unapokutana na mwili wa boti kulikuwa na michirizi ya kutu, kama machozi ya mtu aliyepaka wanja.

"Si boti mbaya," alisema. "Inataka mtu mwenye subira. Hapa mpaka hapa unaifumua, unaikausha, unaijenga upya. Huku chini unabadilisha bolti zote. Msimu huu huendi popote."

Dalali akasema hayo ni mambo madogo.

"Hapa ni madogo," fundi Saidi alimjibu. "Ukiwa katikati ya Tanga na Pemba ni makubwa."

Gervas aliufuta ule mchirizi kwa kidole, akakitazama kidole. "Tutaitengeneza taratibu huku tunasafiri," akasema.

Sauti ile naijua. Ndiyo aliyotumia siku aliponunua gari lisilokuwa na giaboksi.

*

Kwenye pantoni, wakati wa kurudi, mimi na Neema tulisimama upande wenye upepo. Nilimuuliza ni tangu lini.

"Tangu Pasaka," akasema. "Mama, usimaindi."

Nikamwambia simaindi, nauliza.

Nikajua hivi. Zile Jumamosi alizoniaga kwamba anaenda kwa baba yake, alikuwa anaenda kweli kwa baba yake. Hakuniambia tu kwamba baba yake alikuwa baharini. Walikuwa wanajaribu boti za watu baada ya matengenezo, wanazungukia visiwa vya karibu na kurudi jioni. Amejifunza kufunga matanga, kusoma upepo, kushika usukani. Nilikuwa naona viganja vyake vimekuwa vigumu, nikadhani ni maboksi.

Nilimuuliza kuhusu kazi. Amesomea uhasibu, na nimemlipia.

"Nimetuma maombi mpaka nimechoka, unajua," alisema. "Dukani nafanya kazi ambayo ungemlipa mtu yeyote akaifanya. Kule Baba akisema vuta, navuta, na boti inageuka. Inageuka kwa sababu nimevuta mimi."

"Na duka?"

"Duka ni lako, Mama."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayesoma jina lililoandikwa juu ya mlango. Tulipofika upande wa pili nilinunua karanga za kuchemsha, tukala tukitembea. Hatukuongea tena habari hiyo wiki nzima.

Wiki hiyo dukani ilikuwa ya kawaida. Mafundi cherehani walikuja kwa ajili ya sare za shule, mama mmoja wa Songea alichukua uzi wa jumla, mashine ya risiti ikagoma, ikatengenezwa. Neema alifanya kazi yake vizuri. Alijibu wateja, alipanda ngazi, aliandika mauzo. Nilimtazama kuliko kawaida. Sikumwona mtu mwenye huzuni. Nilimwona mtu anayesubiri zamu yake iishe.

Ngoja niandike na lile ambalo si zuri. Mbao za ile boti kuwa mbovu, mimi kulinifurahisha. Kila nilipokumbuka ile sauti ya bu, bu, moyo ulitulia. Niliitwa kwa sababu sina upande. Kumbe nilikuwa na upande kabla sijashuka ngazi.

*

Boti ya pili ni ya daktari mmoja mstaafu anayekaa Upanga. Magoti yake hayakubali tena. Boti yenyewe imefungwa kwenye boya Msasani, lakini matanga yake anayatunza nyumbani, kwenye ukumbi, yamekunjwa nyuma ya kochi. Gervas alitaka kuyaona yakiwa wazi kabla ya kwenda kwenye boti. Ukumbi haukutosha. Ngazi hazikutosha. Juu ya jengo kuna matenki ya maji.

Ndiyo maana Jumapili iliyopita, asubuhi, baada ya misa ya kwanza, tulikuwa viwanja vya Mnazi Mmoja tukitandaza tanga kubwa kwenye majani.

Hatukuwa tumefikiria watu. Pale hakuna kitu kinachotandazwa bila watu kukiulizia. Mtu wa kwanza aliuliza ni mkutano wa nani. Wa pili akauliza hema ni la harusi au la msiba, na kama ni harusi, mpishi amepatikana. Mama mmoja mwenye beseni la vitumbua aliteremsha beseni kabisa. Kisha akaja mlinzi, akauliza kama tuna kibali.

"Shikamoo mzee," alimsalimia daktari kwanza, maana ndiye aliyekuwa na mvi.

"Marahaba. Tunaangalia tanga tu, tunakunja."

"Tanga la nini?"

"La boti."

Mlinzi aligeuka kuelekea bahari ilipo, ingawa kutoka pale huioni. Alifikiri kidogo. Halafu upepo ukaingia chini ya kitambaa, kikapanda juu kama kinataka kuondoka, na mlinzi akawa wa kwanza kukirukia na kukishika. Wengine wakamfuata. Kwa muda mfupi kulikuwa na watu wasiojuana wanaovutana na kitambaa, kila mmoja upande wake.

Ndipo Neema akazungumza.

"Kaka, hiyo kona ishushe chini, usiivute. Mama wa vitumbua, samahani, sogea huku, kaa upande unaotoka upepo. Wewe mwenye kofia, subiri. Haya, sasa lete kwangu, taratibu."

Kitambaa kikalala. Watu walimtii kama vile wote wamewahi kufanya kazi naye. Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ya chini, yenye uhakika, na mimi niliyemzaa sikuwa nimewahi kuisikia. Dukani kwangu haijawahi kutoka.

Gervas alinitazama kutoka upande wa pili wa tanga. Alikuwa anaangalia nitafanya nini.

Nilipiga magoti nikaanza kukagua mshono, kwa sababu uzi ndicho kitu ninachokijua. Niliupitishia ukucha. Upande mmoja, ule unaobaki juu tanga likikunjwa botini, uzi umeliwa na jua, unakatika ukiugusa. Kwingine kote uko imara, na kitambaa chenyewe bado kina uhai. Niliwaambia ni kazi ya kushona upya mstari mmoja. Daktari akakubali. Akasema alilijua hilo, alitaka tu kuona kama tutaliona.

Tulikunja. Tukamnunulia mlinzi na wenzake vitumbua.

*

Mchana ule ule tulienda Msasani. Kiboti cha kupiga makasia kilitufikisha kwenye boti, na sehemu hiyo sitaielezea, maana macho nilikuwa nimefumba.

Ni ndogo. Ndani siwezi kusimama wima, na mimi si mrefu. Ina benchi mbili ndefu zinazotazamana, katikati meza unayoweza kuitoa, jiko la plate moja, rafu zenye kingo ili vitu visidondoke. Haina chumba kingine. Haina mlango isipokuwa ule wa kuingilia. Daktari alibaki juu, akatutajia kasoro zake mwenyewe kabla hatujauliza: injini ni ngumu kuwaka asubuhi, kidirisha cha juu kinavuja mvua ikiwa kubwa, na rangi ya chini imechelewa.

Fundi Saidi aligonga. Ko, ko, ko. Mbele mpaka nyuma, kulia na kushoto, kuzunguka mlingoti. Sauti haikubadilika popote. Akafunua ubao wa sakafu, akaingiza mkono pale chini kabisa ambako maji ya boti hukusanyika, wenyewe wanapaita ngama. Mkono ukatoka mkavu.

"Hii hata wiki ijayo inaondoka," alisema.

Nilimwangalia Gervas. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, anatazama mbele pale ambapo palitakiwa kuwa na mlango.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini ni ya mtu mmoja."

Neema alikuwa amesimama kwenye ngazi, nusu ndani, nusu nje. Hakuwa anamwangalia baba yake. Alikuwa ananiangalia mimi.

Nataka nieleze vizuri hali ilivyokuwa. Sikuhitaji kusema uongo. Boti nzima ilikuwa hii, fundi ameshasema. Na boti hii, kwa maneno ya Gervas mwenyewe, ni ya mtu mmoja. Ningetikisa kichwa tu. Gervas angepata boti salama, Neema angebaki, nami ningekuwa nimetoa ushauri wa kweli. Kila mtu angesema Mama Neema amesaidia. Nililiona jambo lote likiwa limekunjwa vizuri, tayari kuwekwa rafuni.

Badala yake nikajilaza kwenye benchi.

Sijui kwa nini hasa. Labda kwa sababu mtu akiniambia kitu hakitoshi, mimi huwa nakipima. Kichwa kilifika ukutani, miguu ikabakiza nafasi ya mto. Nikamwambia Neema aje alale kwenye ile nyingine. Akashuka, akavua ndala, akalala. Tukawa tumelala tukitazama dari, kila mmoja upande wake, kama wagonjwa wa wodi moja. Boti ilikuwa inacheza kidogo kidogo. Niliogopa, lakini si sana.

"Miguu inagusa?" nilimuuliza.

"Haigusi."

"Mabega?"

"Yako sawa."

Nikakaa. "Wanalala wawili," nilimwambia Gervas.

"Mama Neema, huyu ni binti mkubwa. Hawezi kulala chumba kimoja na baba yake bila mlango."

"Weka pazia."

"Pazia?"

"Kutoka pale mpaka pale. Reli unaifunga juu, kitambaa kizito, chini unaweka kamba ya kufungia ili boti ikilala upande lisifunguke. Yeye akae upande huu wa ngazi, apate hewa. Wewe unakoroma, kaa kule."

Gervas alitazama dari, akatazama kule nilikoonyesha.

"Hii ndiyo boti, Baba Neema," nikasema. "Ile nyingine itakuzamisha ukiwa bado nchi kavu."

Fundi Saidi alicheka. Daktari akainama kutoka juu kuuliza kuna nini. Neema alibaki amelala palepale, ameweka mkono juu ya macho, na hakuna aliyemsumbua.

*

Jana walimaliza. Bei sitaiandika humu. Nitasema tu kwamba daktari alipunguza kidogo bila kuombwa, kisha akaomba akae ndani peke yake kwa muda. Tulimsubiri ufukweni. Alipoletwa alikuwa amebeba sufuria moja, akasema hiyo ni ya nyumbani, ilipotelea kule. Akampa Gervas mkono, akampa Neema mkono, akaondoka polepole na sufuria yake.

Mipango ni kwamba wataondoka mwezi ujao, tanga likishonwa na rangi ya chini ikipakwa. Kwanza mjini Tanga, halafu Pemba. Watarudi upepo ukigeuka, kuelekea mwisho wa mwaka. Baada ya hapo Neema anasema ataamua. Sikumbana aseme zaidi.

Gervas alinisindikiza mpaka kwenye bajaji. Akasema asante. Akaniuliza kama siku moja ningependa nizungushwe kidogo, hapo hapo karibu, maji yakiwa yametulia. Nikasema hapana. Akasema sawa. Hakununa, nami sikujisikia vibaya. Kama tungejua kuulizana na kujibiana hivi zamani, labda tungekaa pamoja, au labda tungeachana mapema zaidi na kuokoa muda.

Leo baada ya chakula Neema alikuwa anaosha vyombo, mimi nimekaa hapa hapa nilipokaa sasa. Akazima bomba.

"Mama, ulitaka nisiende. Sivyo?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona ulisema pazia?"

"Baba yako aliniuliza kuhusu boti."

Alitoa kicheko kifupi. Kisha akasema, "Ungesema haitoshi, Baba angekubali. Na mimi ningekubali."

Nikamwambia najua.

Akasubiri kama nitaongeza kitu. Akafungua tena bomba, akamalizia vyombo, akaenda kulala kidogo. Bado amelala mpaka sasa. Jua la jana na pilikapilika za kukabidhiwa boti vimemchosha.

Tangu hapo nimekuwa najiuliza. Mteja akiniuliza kama kitambaa kinamtosha, na kinamtosha, namwambia kinamtosha, hata kama ndicho cha mwisho na nilikuwa nimekipenda mwenyewe. Ndivyo nilivyofanya biashara miaka yote. Je, nilichofanya Msasani kilikuwa mapenzi ya mama, au ni mazoea tu ya duka? Ningependa kuandika kwamba ni mapenzi. Huenda kwa mtu kama mimi hayo mawili hayana mpaka. Sina hakika, na sitajifanya ninayo.

Ninachojua ni kwamba nilipolala kwenye lile benchi na kumsikia akisema haigusi, sauti ilikuwa ile ya Mnazi Mmoja. Baada ya hapo nisingeweza kusema kitu kingine.

Kesho Jumatatu watakuja wateja wa mikoani, wale wanaoshuka kwenye mabasi alfajiri na wanataka kuhudumiwa wote kwa pamoja. Neema bado yupo na angekuja nikimwita. Lakini nimeamua nitatoka bila kumwamsha. Nataka kujua lile duka lina uzito gani nikilifungua peke yangu.